Pamba za Maskati

Bei yake ilikuwa mbuzi wawili. Mpwa wangu alinitajia kwanza kwa riali za Omani, akaona uso wangu umetulia, akajua sikuelewa. Akaigeuza kuwa shilingi, na hapo uso ukafanya kazi yake. Mke wangu, aliyekuwa akitandika mkeka wa chakula cha mchana, ndiye aliyetupatia kipimo kinachoeleweka.

"Hao ni mbuzi wawili wa Idi kubwa," alisema, "tena wenye pembe." Akarudi jikoni kuchukua mchuzi.

Kilichokuwa kikiuzwa kwa mbuzi hao ni spika za masikioni zisizo na waya. Mbili, nyeupe pe, kila moja kama gego la mtoto. Zinalala ndani ya kijisanduku cheupe kinachofunguliwa kwa kidole gumba na kujifunga kwa mlio wa adabu, mfano wa kijaluba cha tambuu cha mtu aliyesafiri. Mpwa wangu anafanya kazi katika duka la simu Maskati. Alikuwa amekuja likizo kwa ajili ya harusi, na kila ajapo huwa na kitu mfukoni cha kuwauzia jamaa zake kwa bei ambayo, anaapa, inamtia hasara.

"Mjomba, za kusikilizia muziki ziko Darajani tele," aliniambia. "Hizi kazi yake kuua kelele. Unatia, unabonyeza, dunia inazimika."

"Yote?"

"Yote. Kaa nazo mpaka Ijumaa, Jumamosi nnaruka. Ukizipenda, nipe mbuzi wangu. Usipozipenda, nshapata mtu Michenzani anazitaka."

Sikuamini kuwa mtu huyo wa Michenzani yupo. Kila biashara ya ukoo wetu ina mtu wake wa Michenzani. Lakini nilizichukua, kwa sababu alikuwa amelitaja neno ambalo nimelilalamikia kuliko maradhi yangu yote: kelele.

Tunaishi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika kichochoro chembamba ambacho watu wawili wanene wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu wengine. Kazi yangu ya pili, ambayo hailipi wala haiishi, ni kuandika kitabu changu mwenyewe. Kitabu hicho kina ukurasa wa kwanza mzuri sana. Huusoma kwa sauti kila asubuhi kabla sijaanza kazi, ili nipate mwendo, kama mtu anayerudi nyuma hatua chache kabla ya kuruka. Kuruka ndiko kulikokuwa hakutokei. Ukurasa wa pili ulikuwa umechelewa kwa sababu ya kelele, na nilimweleza hivyo kila aliyeniuliza, na wengi ambao hawakuniuliza.

Na kelele zilikuwepo, sikuzizua. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ikigeuzwa hoteli, na grainda yao ya kukatia vyuma ilianza kulia mara tu mafundi wakishamaliza chai. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake kila kona, hata pale ambapo wateja walikuwa wamekwishamwona. Na kulikuwa na kijana mmoja mtembeza wageni aliyesimama chini ya dirisha langu kila siku, akiwaeleza watalii kwamba nyumba hii ilijengwa na sultani kwa ajili ya mke aliyempenda kuliko wote. Nyumba hii ilijengwa na muuza vitunguu. Siku moja nilitoa kichwa nje kumsahihisha. Akawaambia wageni wake, "Na yule ni mjukuu wa sultani," wakanipiga picha.

Lakini hao wote walikuja baadaye. Kelele ya kwanza ya siku ilikuwa ya bibi wa dirisha la mkabala. Dirisha lake na langu yanatazamana juu ya kichochoro. Tukinyoosha mikono tunapeana chumvi, na tumewahi kupeana. Ni mjane. Watoto wake wako Dubai na Uingereza, naye ameapa kuwa nyumba yake ataitoka mara moja tu, na siku hiyo hatatembea kwa miguu yake. Kila asubuhi, mke wangu akishatoka kwenda kusomesha skuli huko Chukwani, dirisha la bibi hufunguka kwa kishindo.

"Msomi!"

"Naam!"

"Umeamka?"

"Nimeamka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na mie nimeamka."

Msomi ni mimi. Jina hilo alinipa niliporudi kutoka chuo kikuu, na hadi leo sijaweza kujua kama ni sifa. Baada ya salamu hufuata habari: nani kaolewa, nani kaachwa, pweza kapanda bei, na ndoto zake, ambazo ni ndefu na zina watu wengi. Kumkatiza haiwezekani. Mimi nililelewa na mama aliyenifundisha kwamba mkubwa akikuita unaitika naam papo hapo, hata kama una tonge mdomoni, na ukishaitika umekwisha. Dirisha likifungwa, kahawa yangu huwa imepoa na wazo langu limekwenda zake.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mke wangu alipotoka tu, nilikaa mezani, mgongo kwa dirisha kama kawaida yangu, nikatia spika masikioni, nikabonyeza.

Mpwa wangu hakusema uongo. Dunia ilizimika. Haikupungua, ilizimika, kama taa za mtaa mzima umeme unapokatika. Nilisikia nikimeza mate. Nilisikia shingo yangu ikigeuka, na nikagundua kuwa inahitaji mafuta. Nikausoma ukurasa wa kwanza kimoyomoyo, ulikuwa mzuri. Nikausubiri wa pili.

Haukuja. Nilichonga penseli bila kusikia inachongwa. Nilipanga karatasi kwa ukubwa. Kufikia adhana ya Adhuhuri, ambayo nayo sikuisikia na niliijua kwa saa tu, nilikuwa nimeandika sentensi moja na kuifuta. Nikajiambia kuwa ukimya mzito namna hii unahitaji kuzoewa, kama viatu vipya.

Jumanne nikavaa tena. Kama bibi aliita siku mbili hizo, sikujua. Na sikugeuka kutazama, kwa sababu ukitazama utajua.

Dalili ya kwanza niliipata Jumanne hiyo hiyo jioni, nikiwa natoka kununua mkate, masikio yangu yakiwa wazi. Muuza kahawa aliinuka alikokaa, akanisogelea hadi nikaona kope zake, akapaza sauti.

"POLE, BWANA!"

Nikamwambia nshapoa. Kwetu pole hutolewa hata mtu akijikwaa, hupaswi kuuliza sana. Dukani, mwenye duka alinishika bega na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye Pemba kama ninataka mkate mmoja au miwili. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaninyooshea kidole kimoja, kisha viwili.

Msikitini, baada ya Alasiri ya siku iliyofuata, nilielewa. Imamu alimaliza kusoma dua, kisha akasema tumuombee ndugu yetu wa kichochoro chetu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaribu kwa masikio yake. Nikainua mikono pamoja na wenzangu, nikamuombea kwa moyo safi mtu huyo, masikini. Tulipoitikia amina nikaona safu yangu yote imegeuka kunitazama mimi.

Sijui kama kuna adabu maalumu ya kumwombea dua mtu aliyekaa ubavuni mwako. Waliokuwa karibu walinipapasa mgongo. Kutoka msikitini hadi nyumbani nilipewa salamu nyingi kuliko wiki nzima, zote kwa sauti ya kuvusha bahari. Kwa spika zilizotakiwa kunipatia utulivu, nilikuwa nimefanikiwa kuufanya mji mzima unipigie kelele sikioni.

Na nyumbani walinitangulia. Kwetu mgonjwa hukaguliwa. Hakuna anayesubiri kualikwa, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Palikuwa na uji wa pilipili manga wa aina tatu. Jirani wa chini alileta ndimu. Wanaume walikaa upande mmoja, wakizungumza juu yangu kana kwamba nimekwenda safari. Mmoja wao ndiye aliyenipa chanzo cha habari, akinielekeza kwa vidole ili nielewe: bibi wa mkabala aliniita, sikuitika, akachungulia, akaniona nimekaa mgongo kwake, na pamba nyeupe ndani ya masikio yote mawili.

Pamba. Niwaambie nini? Kwamba siumwi, ila nimetia vidude vya thamani ya mbuzi wawili makusudi ili nisiwasikie wao, waliopanda ngazi zangu na uji?

Mke wangu alirudi akawakuta wa mwisho wanashuka. Akaitazama safu ya masufuria.

"Nani kafa?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akaketi juu ya kidato cha ngazi na buibui lake. Alipomaliza akajifuta macho.

"Waambie kweli."

"Niwaambie nilijiziba nisiwasikie?"

"Basi umwa," alisema. "Umeshaanza, umwa vizuri. Mpaka Ijumaa si mbali." Akachukua bakuli la uji. "Huu wa nani? Mtamu."

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, spika zikiwa ndani ya kisanduku chake mezani, nilisikia fimbo ikigonga ngazini. Ngazi za nyumba yetu ni za zamani na zimesimama wima kama askari. Bibi hakuwa amezipanda tangu magoti yake yalipomgeuka. Mambo yetu yote tuliyamalizia dirishani. Sasa alikuwa akizipanda, na kwenye kila kidato alimtaja Mungu. Nikakimbilia mlangoni.

"Rudi ulale!" aliniamrisha kutoka chini.

Nikalala. Aliingia na kibakuli kilichofungwa kitambaani: mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thomu. Akaketi kwenye mkeka, akakivuta kichwa changu.

"Lipi linalouma zaidi?"

Swali hilo sikuwa nimelitayarishia jibu. "La kulia, bibi."

"Mbona wamesema la kushoto?"

"Yote mawili."

"Masikini," alisema, akamimina.

Mafuta yalikuwa vuguvugu. Nikaanza kunukia kama sinia la pilau ya maulidi. Bibi alilisugua sikio langu kwa kidole huku akizungumza, na kwa vile hakuwa na uhakika kuwa ninasikia, nadhani alikuwa akijisemea zaidi kuliko kuniambia.

"Siku ya kwanza hukuitika, nikasema kalala. Siku ya pili nakuona umekaa, mgongo huo. Nikasema kanuna. Nimekaa kutwa najiuliza, nimemfanya nini? Nimesema neno gani? Mpaka ndoto zangu nimezipitia moja moja, huenda imo iliyomuudhi. Ndipo nikaziona zile pamba." Akavuta pumzi. "Moyo ukatua. Nikasema alhamdulillahi, anaumwa tu."

Nilikuwa nimelala ubavu, sikio moja limejaa mafuta, na la pili limezibwa na paja la bibi, lakini maneno hayo niliyasikia yote.

Alipomaliza sikio hilo akataka tambuu yake. Alikuwa nayo kwenye pindo la kanga, ila chokaa alikuwa ameisahau. Akaangaza mezani, akakiona kijaluba cheupe, akakifungua kwa kidole gumba kama mwenyewe.

"Lo! Chokaa gani hii?"

Ni vigumu kujitetea ukiwa umelala ubavu. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba hizo ndizo pamba, kwamba zimetoka Maskati, kwamba zinaua kelele, na kwamba masikio yangu hayana ugonjwa wowote isipokuwa mafuta. Sikumtaja yeye katika orodha ya kelele. Nilitaja grainda, nikamtaja kijana wa watalii na sultani wake. Bibi si mtoto. Nje grainda ilikuwa inalia kama inachinjwa. Nilisubiri ainuke, nikawa nahesabu moyoni jinsi nitakavyomshusha zile ngazi huku amenikasirikia.

"Zinaziba kweli?" aliuliza.

"Kweli."

"Nitie."

Akasogeza ukaya wake wa kichwani nyuma, nikainuka, nikamwekea moja, nikamwekea ya pili, nikabonyeza. Uso wake ulifunguka taratibu. Alitazama upande wa hoteli kama mtu anayemtazama mbwa mkali aliyefungwa kamba.

"SEMA KITU!" alinipigia ukelele.

"Niseme nini, bibi?"

"SEMA!"

"Nimeshasema."

"Hasemi," alijiambia. "Au anasema. Subhanallah." Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mtu akistarehe vile bila ya kula. Halafu akachomoa moja, akaishika juu kwa vidole viwili vyenye mafuta.

"Na hivi vilikuwa wapi miaka yote hii mie nnakusikia wewe?"

"Mimi?"

"Wewe! Unapiga chafya kama unafukuza jini. Mpira ukiwa redioni unamtukana refa mpaka mie namwonea huruma, mtoto wa watu. Na hicho kitabu chako." Akainua uso kutazama boriti, akaiga sauti yangu, na nilitambua kwa uchungu kuwa ameipata. "'Mji wetu ni kitabu kilichoandikwa kwa chokaa na kusomwa na mvua.' Kila asubuhi! Kitabu, chokaa, mvua. Kitabu, chokaa, mvua. Unadhani kwa nini nakuita? Nakuita ili nikukate."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijua kwa yakini kwamba bibi ananikatiza kwa bahati mbaya.

"Bei gani?" aliuliza.

"Mbuzi wawili."

"Wa hapa au wa Bara?"

"Wa hapa. Wenye pembe."

Akaipima spika kiganjani. "Mwanangu wa Dubai ataleta fedha. Kila akipiga simu ananiuliza nnataka nini, mie namwambia sitaki kitu. Sasa nnataka."

Nilipaswa kufurahi, mteja mwingine angempunguzia mpwa wangu ile hasara yake. Badala yake nililiona dirisha la mkabala, asubuhi, limefungwa. Nikajiona nimesimama kwenye langu, naita, na hakuna anayeitika, na mimi sijui kama kalala, au kanuna, au nini.

"Bibi," nikasema, "ukivaa hizi, nikikuita hutasikia."

"Si ndiyo faida yake?"

"Na kama siku hiyo naumwa kweli?"

Alifikiri. Akachomoa na ile ya pili, akazirudisha zote mbili kwenye kijaluba, akakifunga. Kikalia kwa adabu yake.

"Ukivaa wewe, mie nikiita huitiki," alisema. "Nikivaa mie, wewe ukiita siitiki. Itakuwa tunajuliana hali kwa harufu. Na mie ndiye nitakayeanza kunuka, umri wangu huu. Unadhani asubuhi nnapokwambia nimeamka nakupa habari? Nnakwambia sijafa, usije kuvunja mlango."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyoulizia mbuzi. Kisha akanigonga bega nilale tena, amalizie sikio la kushoto, maana mafuta yalikuwa yamebaki na haifai kutupa.

Ijumaa mpwa wangu alikuja kuchukua jibu. Nikamkabidhi kijisanduku chake.

"Vipi mjomba, hazifanyi kazi?"

"Zinafanya mno."

Alikifungua kuzikagua, akazisogeza puani, akanitazama. "Mbona zinanukia thomu?"

"Zilikuwa na mgonjwa," mke wangu alimjibu kutoka jikoni.

Akazifuta kwa leso, akaondoka nazo akinung'unika. Huenda mtu wa Michenzani yupo kweli, na huenda hivi sasa anasikiliza taarabu yenye harufu ya pilau. Mimi nilitangazwa nimepona. Msikitini walimshukuru Mungu, mtaani walimshukuru bibi, na tangu hapo kila mwenye sikio linalouma hupelekwa kwenye nyumba ya mkabala. Bibi analalamika kuwa hapati kupumua na hajaonekana mwenye furaha kama hivi kwa muda mrefu. Mke wangu amependekeza tuitumie vizuri fedha ya wale mbuzi tuliowaokoa. Bado tunatafuta ilipo, kwani haikuwepo tangu mwanzo.

Jumamosi asubuhi dirisha lilifunguka kwa kishindo.

"Msomi!"

"Naam!"

"Umeamka?"

"Nimeamka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na mie nimeamka." Akaegemeza viwiko vyake dirishani. "Haya, soma huo ukurasa wako, uutoe. Lakini ukitaja chokaa nafunga."

"Leo wa pili, bibi."

"Umepatikana?"

"Jana jioni. Nusu."

"Nusu si haba. Soma."

Nyuma yangu mke wangu, ambaye hakuwa na skuli siku hiyo, alivuta mto akaufunika juu ya kichwa chake. Nikakohoa, nikainua karatasi.

"Bei yake ilikuwa mbuzi wawili," nilianza, na kule hotelini wakawasha grainda.

"Sisikii!" bibi alipiga ukelele kutoka upande wa pili. "Pandisha sauti!"